Hodi Kutoka Hirbadaw

Tuanze na mstari mmoja wa ripoti. Uko kwenye kioo cha kompyuta ya afisa TEHAMA wa halmashauri, pale Katesh, na unahusu simu iliyoko kata ya Hirbadaw. Una vipande sita: anwani ya barua pepe ya mtendaji wa kata; aina ya kifaa, "Android"; jina refu la herufi na tarakimu ambalo hakuna mzazi angempa mwanawe; tarehe simu ilipounganishwa kwa mara ya kwanza; muda wa mwisho wa kusawazisha, 21:40; na neno "imeruhusiwa". Chini yake ipo mistari mingine ya aina hiyohiyo: walimu wakuu, waganga wafawidhi, maafisa ugani, wakuu wa idara. Mkurugenzi ametaka kujua ni simu ngapi za watumishi zimeunganishwa na seva ya barua pepe, ni za nani, na kama bado zinatumika.

Mstari huo nimeutunga mimi, na mtendaji wake hana jina, ili tuwe na kitu cha kushika mkononi. Ripoti za namna hiyo si za kutunga. Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao tangu 2019 na ina Mamlaka ya Serikali Mtandao inayosimamia mfumo wa barua pepe wa Serikali. Barua nyingi za kazi ambazo zamani zingesafiri kwa basi kutoka Babati hadi Katesh ndani ya bahasha ya kaki sasa huishia mfukoni mwa mtumishi, mara nyingi kwenye simu aliyoinunua kwa mshahara wake. Popote barua za ofisi zinapoingia kwenye simu za watu, yupo atakayeombwa orodha.

Orodha yenyewe huchapwa kwa dakika mbili. Mimi nina swali la nyuma yake kidogo: seva imeyajuaje haya yote?

Seva ni kompyuta inayowaka usiku na mchana ikitunza masanduku ya barua. Haina macho. Haijawahi kufika Hirbadaw, haiujui Mlima Hanang, wala haiwezi kuinyanyua simu ya mtendaji na kuigeuza ione imetengenezwa wapi. Inachoweza ni kukaa ndani na kusikiliza mlango. Simu ndiyo inayokuja na kupiga hodi.

Sasa fikiria uko ndani, mlango umefungwa, hodi ikapigwa. Unajua nini hasa? Unajua sauti imetaja jina fulani. Unajua kama mgeni anao ufunguo. Na unajua, kwa saa yako mwenyewe ya ukutani, kwamba hodi imepigwa sasa hivi. Hayo matatu ndiyo ya msingi. Karibu kila safu ya ripoti, hata iwe na kichwa cha kitaalamu namna gani, imetoka kwenye mojawapo ya hayo, na safu nyingi zimetoka kwenye lile la kwanza: maneno ya mgeni kuhusu nafsi yake.

Kwa nini seva isitoke yenyewe kwenda kuitafuta simu? Kwa sababu simu haina anwani ya kudumu. Mfumo wa anwani za intaneti ambao bado unabeba sehemu kubwa ya mawasiliano hutumia namba za biti 32. Biti ni nafasi yenye majibu mawili tu, sifuri au moja. Zidisha mbili kwa mbili, tena kwa mbili, mpaka zitimie mbili 32, utapata 4,294,967,296. Anwani hizo zilionekana nyingi mno zilipobuniwa. Leo watu duniani wamepita bilioni 8, na mtu mwenye simu mbili, ya kazi na ya nyumbani, si wa ajabu tena.

Wabunifu wa mitandao walijinasua kwa njia ambayo sisi tulikuwa tukiitumia kabla yao: S.L.P. ya shule. Kijiji kizima kinapokea barua kupitia sanduku moja la posta, la shule au la parokia. Barua ikifika, mwalimu anasoma jina lililoandikwa juu ya bahasha na kumpelekea mwenyewe. Kampuni ya simu hufanya vivyo hivyo. Ndani ya mtandao wake inazigawia simu anwani za kwake, na mwaka 2012 lilitengwa rasmi kundi zima la anwani, linaloanza na 100.64, kwa ajili ya kazi hiyo duniani kote. Zikitoka nje, simu maelfu huonekana zina anwani chache tu, zile za kampuni. Mtambo wa kampuni, ambao ndio mwalimu wetu wa sanduku, hukumbuka nani ameuliza nini ili jibu limfikie. Hukumbuka kwa muda tu. Ukikaa kimya dakika kadhaa, anakusahau.

Hapo ndipo ripoti inapofanya kosa lake la kwanza, tena kwa uso mkavu. Mifumo mingine huongeza safu ya "mahali". Hutazama anwani ya nje, hulinganisha na orodha ya wenye anwani, na huandika "Dar es Salaam", kwa sababu S.L.P. ya kampuni ya simu iko huko. Mtendaji yuko Hirbadaw na mwaka huu hajakanyaga Dar. Nimewahi kuona mtu akitakiwa ajieleze kwa maandishi kwa ajili ya safu hiyo, na barua ya kumtaka ajieleze iliandikwa na mtu aliyekuwa na uhakika kabisa.

Kama anwani haimtambulishi mgeni, basi mgeni hana budi kujitaja. Utaratibu wa maneno ambao kompyuta mbili zimekubaliana huitwa itifaki, na iliyoenea sana kwa kazi hii ni Exchange ActiveSync ya Microsoft. Apple iliiingiza kwenye iPhone mwaka 2008, na programu nyingi za barua pepe za Android zinaijua. Hodi yake hupigwa kwenye lango namba 443, lilelile la tovuti zenye alama ya kufuli, na maneno husimbwa njiani ili kampuni ya simu iliyoko katikati isiyasome. Ndani ya maneno hayo kuna amri, kwa mfano "sawazisha". Kuna jina la mtumiaji. Kuna aina ya kifaa. Na kuna utambulisho wa kifaa usiozidi herufi 32. Huo utambulisho ndio lile jina refu lisilosomeka kwenye mstari wetu.

Nani aliyelitoa jina hilo? Si seva, si mamlaka ya mawasiliano, wala si kiwanda kilichoiunda simu. Kwa kawaida ni programu ya barua pepe iliyomo ndani ya simu. Kwa hiyo mtendaji akiifuta programu na kuiweka upya, anaweza kurudi mlangoni na jina jipya, na seva ikamkaribisha kama mgeni ambaye haijawahi kumsikia. Akiwa na programu mbili kwenye simu ileile, hao ni wageni wawili. Akinunua simu mpya na ile ya zamani akaisafisha na kumpa mdogo wake, mstari wa zamani unabaki palepale. Mtu mmoja mwenye simu moja anaweza kuwa na mistari minne. Ripoti inayosema "vifaa 97" imehesabu majina yaliyowahi kutajwa mlangoni, haijahesabu simu.

Upande wa pili zipo simu zisizohesabiwa kabisa. Itifaki iliyotangulia, IMAP, ambayo Mark Crispin alianza kuibuni Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, haimlazimishi mgeni kutaja kifaa chake. Inataka jina la mtumiaji na nenosiri, basi. Simu inayopita mlango huo inachukua barua zilezile, lakini kwenye orodha ya vifaa haimo. Afisa aliyechapa orodha ya mlango wa mbele bila kuuliza kama mlango wa uani uko wazi ameandika nusu ya ripoti.

Baada ya kujitaja, simu inaweza kutoa wasifu wake: modeli, mfumo endeshi, lugha, namba ya simu, kampuni ya mtandao, na IMEI, ile namba ambayo kila simu hutoka nayo kiwandani. Nasema inaweza, kwa kuwa hakuna wa kuilazimisha iseme kweli. Kwenye IMEI tukae kidogo, maana Watanzania tuna historia nayo.

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima. Kabla ya siku hiyo watu walifundishwa kubonyeza *#06# na kutazama namba ya tarakimu 15. Tarakimu 8 za kwanza hutaja aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo moja, na ya 15 ni ya ukaguzi. Ukaguzi hufuata kanuni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, na unaweza kuufanya kwa kalamu. Chukua namba ya mfano 490154203237518. Weka kando ile 8 ya mwisho. Kwenye 14 zilizobaki, zidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili: 9 inakuwa 18, nasi tunajumlisha 1 na 8 kupata 9, 1 inakuwa 2, 4 inakuwa 8, 0 inabaki 0, 2 inakuwa 4, 7 inakuwa 14, yaani 5, 1 inakuwa 2. Jumla yake ni 30. Zile ambazo hatukuzigusa, 4, 0, 5, 2, 3, 3 na 5, ni 22. Pamoja ni 52. Ili kufika 60, kumi kamili inayofuata, inahitajika 8, na ndiyo iliyokuwa pale mwisho.

Kanuni hii inakamata kidole kilichoteleza. Ukiandika 3 mahali pa 5, hesabu inakataa palepale. Mwongo haimkamati. Kiwanda cha simu bandia kinaweza kuchukua namba halali ya simu nyingine, kikaigonga kwenye maelfu ya simu zake, na kila moja ikatoka sawa kwa kalamu ileile. TCRA iliweza kuzizima kwa sababu ilikuwa na shahidi mwingine zaidi ya hesabu: mitandao ya simu, ambako simu hutoa IMEI inapojiunga na mnara, na rejesta ya kulinganisha namba hizo.

Seva ya barua pepe haikai mnarani. Inaambiwa tu, na siku hizi haiambiwi hata hilo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu za kawaida haziruhusiwi kuisoma IMEI ya simu zilimo, na Apple haizipi programu namba hiyo. Safu inabaki tupu, na afisa asiyejua sababu anaweza kudhani ameshika simu bandia.

Simu inaweza pia kusema lisilo kweli bila mtu yeyote kukusudia. Seva ina haki ya kuweka masharti kabla ya kufungua: kioo kiwe na namba ya siri, na kilichohifadhiwa ndani kiwe kimesimbwa ili mwizi asikisome. Simu hujibu "nimetimiza", na seva huandika. Septemba 2009 Apple ilitoa toleo 3.1 la mfumo wa iPhone, na ghafla wenye iPhone ya kwanza na iPhone 3G wakajikuta wamefungiwa nje na seva zilizodai usimbaji. Simu hazikuwa zimeharibika. Usimbaji huo ulikuja na iPhone 3GS ya mwaka huohuo. Za nyuma hazikuwa nao hata chembe, ila mfumo wa zamani ulikuwa ukiiambia seva kwamba upo. Toleo jipya lilianza kusema kweli, na kusema kweli ndiko kulikozifungia nje. Kabla ya hapo kila ripoti ya masharti ilizionyesha simu hizo kuwa safi.

Turudi kwenye saa ya ukutani. Hiyo ndiyo safu pekee ambayo seva imeishuhudia yenyewe, bila kuambiwa na mgeni, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote.

Afisa wetu, kijana mwenye haraka, anampigia mtendaji.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Katesh?"

"Nzuri, mama. Ile barua ya mkurugenzi naona uliipokea tarehe 14, saa tatu na dakika arobaini usiku. Mbona majibu hayajaja?"

"Saa tatu usiku? Simu ilikuwa kwa jirani inachajiwa, tena nimeizima. Nimeichukua saa nne hiyo, nikaingia kulala."

Hakuna anayedanganya hapo. Seva nyingi huandika muda kwa saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Saa 21:40 ya ripoti ni 00:40 kwetu, na tarehe imeshageuka kuwa 15. Kisha sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tuna hatua ya pili: hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku. Kijana aliiruka hatua ya kwanza, akaifanya ya pili vizuri kabisa, akapata jibu lenye sura ya usahihi. Makosa ya namna hii hudumu, kwa sababu hakuna kitu ndani yake kinachokushtua.

Na saa sita usiku mama alikuwa usingizini. Aliyepokea barua ni simu. Hapa inafaa tuulize simu isiyoguswa na mtu hufanya nini usiku wa manane.

Ingeweza kupiga hodi kila dakika: "Kuna barua?" "Hakuna." Siku moja ina dakika 1,440, kwa hiyo hodi 1,440. Tatizo ni redio ya simu. Kila inapoamshwa hula umeme, na ikimaliza kusema hairudi kulala mara moja. Hukaa macho sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna la zaidi. Kwa mtu anayechaji kwa paneli ndogo ya sola, au kwa jirani, betri ingekwisha upesi zaidi. Ndipo ukabuniwa ujanja. Simu hupiga hodi mara moja na kusema: nimesimama hapa mlangoni, likija jipya niambie, lisipokuja usinijibu mpaka muda fulani upite. Seva inanyamaza kwa makusudi. Kwenye ActiveSync muda huo unaweza kuwa kuanzia sekunde 60 hadi 3,540, yaani dakika 1 hadi 59. Ukiwa dakika 15, hodi za siku ni 96. Ukiwa dakika 59, ni kama 24 tu. Kwa nini usiwe 59 daima? Kwa sababu ya yule mwalimu wa sanduku: kimya kikizidi anamsahau mwenye barua, na jibu linapotea njiani. Simu hulazimika kutafuta kimya kirefu kiasi ambacho mtambo wa kampuni yake unakivumilia.

Barua ya mkurugenzi ilipoingia 00:40, simu ilikuwa imesimama mlangoni. Ikaambiwa, ikaichukua, ikasawazisha. Ripoti ikaandika kilichotokea, nacho kilitokea kweli. Kusoma ni jambo jingine, la macho na akili, na halina safu kwenye ripoti hii. Mtu akiniuliza nichague sentensi moja ya kubandika ukutani kwa kila ofisi ya utumishi, ningechagua hiyo, ingawa nina shaka kama ingesomwa.

Ripoti nzuri huwa na nyakati mbili: mara ya mwisho simu ilipojaribu, na mara ya mwisho ilipofanikiwa. Watu huitazama moja na kuipuuza nyingine. Zikilingana, mambo ni shwari. Zikiachana, simu inajaribu kila siku na haijafanikiwa wiki tatu, maana yake mgeni yuko nje anagonga: nenosiri limebadilishwa, sanduku limejaa, au sharti jipya limewekwa na simu hailiwezi. Huyo ni mtumishi wa kupigiwa simu asaidiwe. Kwenye ripoti yenye wakati mmoja ataonekana kama mtoro.

Basi ni simu ngapi? Wafugaji wa Hanang na Mbulu, Wabarbaig na Wairaqw, wanalijua swali hili kwa sura nyingine. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Wengine aliwapeleka kwa ndugu na marafiki mbali, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja usimalize kundi zima. Mtu huyo hawezi kuhesabu kwa macho jioni moja. Anahesabu kwa habari, na kila habari ina umri. "Yule mwekundu yupo?" "Alikuwepo wakati wa kulima." Mzee anaamua habari ya wakati wa kulima bado ni mbichi au imechacha. Wafugaji wana nafuu moja: chapa na hereni. Ng'ombe hajivishi hereni. Tangu Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya 2010, nchi inajaribu kumpa kila mnyama namba aliyovishwa na mtu mwingine na isiyobadilika akihamia boma jingine. Simu kwenye seva yetu imejivisha hereni yenyewe.

Umri wa habari ndio wa kupimia. Tuseme halmashauri ya mfano ina watumishi 40 na mistari 97. Panga mistari kwa muda wa mwisho wa kufanikiwa, kisha hesabu: waliosikika ndani ya siku 3 ni 58, ndani ya siku 10 ni 71, ndani ya siku 30 ni 74, na 23 hawajasikika zaidi ya siku 30. Usitazame namba moja moja, tazama jinsi zinavyopanda. Kati ya siku ya 3 na ya 10 wameongezeka 13. Kati ya siku ya 10 na ya 30, ambao ni muda mrefu karibu mara tatu, wameongezeka 3 tu. Mlima umeisha, uwanda umeanza. Wale 13 ni watu wanaoishi kwenye bonde lisilo na mtandao, au wanaonunua bando siku ya mnada wakishuka sokoni, mara moja kwa wiki. Ukiweka mpaka siku 3 kwa sababu kitabu cha mwongozo kiliandikwa na mtu wa mjini, umewafuta hao 13. Mpaka lazima uzidi kimya kirefu kilicho cha kawaida kwa watu wa mahali hapo. Hapa siku 10 zinatosha. Halafu unganisha mistari ya mtu mmoja yenye modeli moja, na zile 71 zinaweza kushuka hata chini ya 50.

Hata hivyo kimya hakisemi sababu yake. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Kwa seva iliyoko ng'ambo, siku hiyo watumishi wa Afrika Mashariki wangeonekana wamegoma. Jumapili nyingine, tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang na kufunika sehemu ya Katesh na vijiji vya jirani. Mbele ya seva, simu iliyofukiwa, simu iliyozimwa, na simu ya mtu aliyeamua kutogusa barua za kazi siku ya ibada huandikwa namna moja: tarehe ya mwisho, kisha hakuna kitu.

Kabla ripoti haijapelekwa kwa mkurugenzi, mimi ningefuta safu nne: namba ya simu, lugha, kampuni ya mtandao na "mahali". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo mahususi na zisizidi lengo hilo. Mkurugenzi aliuliza ngapi, za nani, na kama zinatumika. Hakuuliza mama mtendaji anatumia laini gani.

Imebaki safu moja, ya kufuta kwa mbali. Mwalimu mkuu mmoja, tuseme, ameangusha simu kwenye basi la Babati. Afisa anabonyeza "futa", na watu waliosimama nyuma yake wanavuta pumzi kama vile kombora limeruka. Hakuna kilichoruka. Seva haiwezi kutoka nje. Tumeshaona kwa nini. Inachofanya ni kuandika kwenye daftari lake: jina hili likipiga hodi tena, lisipewe barua, lipewe agizo la kujifuta. Kisha inasubiri. Simu ikija, hupokea agizo, hujibu "nimekubali", na baada ya jibu hilo ndipo inaanza kujifuta. Ripoti itaandika "imethibitishwa" na saa yake. Kilichothibitishwa ni ahadi. Na kinachofutwa hutegemea programu: utaratibu wa zamani huirudisha simu nzima kama ilivyotoka kiwandani, pamoja na picha za kipaimara cha mtoto; programu mpya zaidi zinaweza kutoa barua za ofisi peke yake. Hilo mwalimu aambiwe kabla ya kitufe, na ikiwezekana siku ile ile alipounganisha simu.

Kuna mtego mmoja zaidi hapo. Kwa seva inayotumia nenosiri, simu lazima ifungue kwa ufunguo wake ndipo ipewe agizo. Afisa mwenye haraka hubadilisha nenosiri kwanza, kisha anabonyeza "futa". Barua mpya zimeokoka. Lakini simu ikiwashwa kesho kutwa, Singida au popote ilipofika, itapiga hodi kwa ufunguo wa zamani, itakataliwa mlangoni, na itaondoka na barua zote ilizokuwa nazo bila kulisikia agizo linaloisubiri ndani. Kwenye ripoti, wakati wa kujaribu utasogea, wa kufanikiwa hautasogea, na safu ya mwisho itaendelea kusema "inasubiri".